Televisheni Katika Gari la Kambi: Hesabu ya Betri

Huko Marekani yako magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, na watu huyatumia kwenda kupiga kambi milimani na kando ya maziwa. Wakifika kwenye kiwanja chenye umeme, huchomeka waya tu, wala hawana haja ya hesabu. Lakini wengi hulala porini, ambako umeme wote hutoka katika betri ya volti 12. Hapo ndipo somo letu la Fizikia linapoanza.

Tuchukue betri ya asidi ya ampea-saa 100. Zidisha kwa volti 12, utapata wati-saa 1,200. Msidanganyike na tarakimu hiyo! Betri ya namna hii ikitumiwa mara kwa mara kupita nusu yake huharibika upesi, kwa hiyo tuseme tunazo wati-saa 600. (Betri ya lithiamu huvumilia zaidi, ila bei yake ni kubwa.)

Televisheni ya inchi 32 ya siku hizi hula wati 40 hivi. Kijiti kinachochomekwa nyuma yake ili kuvuta filamu kwa intaneti hula wati 4 tu. Kwa saa 4 za jioni, 44 × 4 = 176. Ikiwa televisheni ni ya volti 120, umeme hauna budi kupitia kwenye inveta, nayo hutoza ushuru wake: zikipotea sehemu 15 katika kila 100, betri itatoa wati-saa 207. Ndiyo maana wasafiri wenye akili hununua televisheni ya volti 12.

Mlaji mkubwa yuko nje. Pasipo mtandao wa simu, filamu hushuka kwa setilaiti, na dishi la kawaida la Starlink hula wati 75 hadi 100, nalo huendelea kula hata televisheni ikizimwa. Tuseme wati 80: kwa saa 4 ni 320. Jumla sasa ni 527, na betri bado i salama. Lakini watu wakilala bila kulizima, saa 8 za usiku huchukua 640 nyingine, na betri hukaribia kukauka kabisa, hata tusipohesabu taa.

Sasa fikirini kipasha joto. Gesi imejaa mtungini, lakini feni yake huendeshwa na betri hiyo hiyo; feni ikisimama, moto hauwaki. Usiku wa Oktoba katika milima ya Rocky maji huganda, na kama gari lina watoto wadogo, hilo si jambo la mchezo. Jenereta nayo hukatazwa usiku katika viwanja vingi kwa sababu ya kelele.

Wenye umeme wa jua nyumbani wataitambua hesabu hii mara moja. Wengine wajaribu zoezi hili: dishi dogo hula wati 30, televisheni ya volti 12 na kijiti chake wati 44. Katika wati-saa 600, tenga 230 kwa ajili ya feni. Filamu itatazamwa kwa saa ngapi?