Biashara Gani Inakufaa Wewe?



Kila mwaka, wakati mitihani ya Serikali inakaribia, wale wa mwaka wa mwisho wanaulizana: kiisha diplome, nini? Wengi wanajibu neno moja: "Biashara." Ukiwauliza biashara gani, wananyamaza kidogo, kiisha wanasema, "Ile yenye kulipa." Jibu hili halitoshi. Kazi yenye kumulipa jirani inaweza kukuangusha wewe, juu mikono yako haiko mikono yake. Basi tutazame namna gani mutu anatambua njia yake.

Pa Likasi swali hili ni kali, na kuna sababu. Wababu zetu wengi hawakuulizwa. Kampuni iliwachagulia: kazi, nyumba, unga, hospitali, masomo ya watoto. Ilikuwa vile wakati wa Union Minière, na vile tena kiisha 1967, Serikali ilipochukua migodi na kampuni ikaitwa baadaye Gécamines. Mu miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka. Mu 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulianguka. Mu 1994 shaba yote ya mwaka haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa, kiisha ikakosa. Tangu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea pesa ya kuondoka, ile watu wanaita depar volonteri. Fundi aliyetengeneza pompi za Shituru miaka makumi mbili akajikuta na pesa mukononi na swali kama lenu. Fundi kama huyu angeweza kufungua atelie ya kutengeneza pompi na masini za kusaga. Lakini akinunua gari ya kubeba watu juu tu jirani amenunua, na hajui kuongoza shofa wala kuhesabu mafuta, pesa inakwisha barabarani.

Leo kosa ni lile lile, jina tu limebadilika. Kijana anaona rafiki ametoka ku mugodi na telefone mupya. Naye anatupa kaye, anachukua piki. Sheria ya migodi haitoi karte ya muchimbaji kwa mutoto asiyetimiza miaka 18; hilo mulijue kwanza. Tena bei ya kobalti haiulizi mutu. Tarehe 22 Februari 2025 Serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi, kwa sababu ilikuwa nyingi mno na bei ilikuwa imeanguka. Ilifungua tena mu Oktoba, kwa kipimo. Miezi ile yote, kijana asiyejua kitu kingine angefanya nini?

Sasa tuangalie mutu mumoja wa kwetu aliyejua vitu zaidi ya kimoja. Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mu 1930. Mu 1952 Hugh Tracey, muzungu aliyezunguka Afrika na masini ya kukamata sauti, alimukuta hapa hapa, wakati muji uliitwa bado Jadotville. Mwenda alipiga gitari kwa kidole gumba na kidole cha pili tu, na mutu angefikiri wanapiga wawili. Wimbo wake "Masanga" ulikwenda mbali sana. Mwisho wa miaka ya 1950 aliitwa mpaka Nairobi, na wapigaji wa Kenya wakajifunza kwake.

Kijana mwingine angeacha yote siku ile ile aseme, mimi sasa ni mwanamuziki tu. Mwenda hakufanya vile. Alifanya kazi ya mushahara, ku banki na ku kampuni ya migodi, aliongoza orkestra, alikuwa hata na hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Alikufa mu 1990 kwa aksida ya gari. Mimi ninaona akili yake hapa kuliko hata mu gitari. Alipenda muziki na aliuweza, lakini hakuulazimisha umulishe kila siku. Kuandika hesabu aliweza pia, na kupokea wageni aliweza. Mutu mumoja anaweza kuwa na nguvu mbili, na ile asiyoisifu njo inaleta bukari.

Wa pili mumamujua wote: Moïse Katumbi. (Siasa tuiache inje ya darasa.) Alizaliwa 1964, akakomalia Kashobwe, karibu na ziwa Mweru, na baba yake alikuwa muchuuzi wa samaki. Alianza na kile alichokijua tangu utoto: samaki, aliowauza mpaka kwa Gécamines. Kampuni yake ya migodi, MCK, ilikuja nyuma, mu 1997. Ninyi hamuna baba mwenye mitumbwi, ni kweli. Lakini kila mutu amekomalia karibu na kazi fulani. Mama yako anashona? Muko karibu na gare, munajua saa za treni na wachuuzi? Hiyo pia ni masomo, na hamukulipa minervali.

Watu wanachanganya kupenda na kuweza. Musichana anasema, "Ninapenda vitumbua, nitauza vitumbua." Dada, unapenda kuvikula! Jiulize kama unapenda kuamka saa kumi ya usiku, moshi mu macho, na kiisha kusimama pa soko ya Kikula na kumukatalia rafiki mwenye kuomba deni. Kila biashara iko na upande wake mubaya. Kama upande ule unauvumilia bila kununa, hapo njia yako iko karibu.

Na nguvu, utaijuaje? Usijiulize wewe mwenyewe peke yako, juu tunajidanganya. Angalia watu wanakuja kwako kutafuta nini. Kuna mwanafunzi ambaye kila mara wanamuletea radio iliyokufa. Kuna mwingine, wakigombana juu ya pesa ya kotizasyo, wanamupa yeye aichunge. Huyu wa pili pengine hajui kama ana kitu, na kumbe wachuuzi wengi pa Likasi wanakosa mutu kama yeye.

Kiisha, jaribu kwa kidogo mbele ya kutia kapitali yote. Kama ni kushona, shona kanzu tatu za jirani. Andika mu kaye pesa iliyotoka na iliyoingia, na saa ulizotumika, hata zile za kutembea. Wengi hawahesabu saa zao, njo maana wanaona faida pahali haiko.

Kazi ya juma hili, kwa mwaka wa tano na wa sita: uliza watu watatu wasio wa nyumba yenu, "Ukiwa na shida gani ungenitafuta mimi?" Andika majibu yao vile walivyosema, bila kuyapamba. Kiisha tembea soko moja, uhesabu wangapi tayari wanauza kitu kile unachofikiri kuuza. Mulete kaye siku ya ine. Tutasoma pamoja, na yule aliyepata majibu matatu yasiyofanana aje pia, huyo tutakaa naye zaidi.