Jaribio Fupi la Mtandaoni: Mwongozo kwa Wahadhiri wa Eneo la Washington, D.C.

Mwanafunzi hushiriki kikamilifu anapojua kwamba jibu lake litasomwa, na kwamba kuna kitu kitakachobadilika darasani kwa sababu ya jibu hilo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya upimaji wa mtandaoni, na ndiyo inayosahauliwa mapema zaidi. Machi 2020, vyuo vikuu vya eneo la Washington, kuanzia Georgetown na Howard jijini hadi Maryland kule College Park na George Mason kule Fairfax, vilihamishia masomo mtandaoni kwa haraka. Madarasa yalipofunguliwa tena, majaribio ya mtandaoni yalibaki. Mengi, hata hivyo, ni mitihani ile ile ya karatasi iliyohamishiwa kwenye kioo cha kompyuta: hutolewa mara mbili kwa muhula, husahihishwa na mashine, kisha haitajwi tena. Mtihani wa aina hiyo huzalisha alama na kuishia hapo.

Jaribio fupi la kila wiki lina kazi nyingine. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, walichapisha utafiti unaofaa kujulikana na kila mhadhiri. Kundi moja lilisoma kifungu mara mbili. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajipima kwa kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kujipima kwenyewe ni kujifunza. Mwanafunzi anayekesha akipitia daftari usiku wa kuamkia mtihani hajui hilo, na ni wajibu wa mhadhiri kumweleza sababu ya jaribio kabla ya kumpa la kwanza.

Mfano ufuatao unatoka katika darasa la Kiswahili, lugha inayofundishwa Howard. Swali ni moja: jaza nafasi katika sentensi “Kijana ___ anasoma”. Machaguo ni hiki, huyu, hii na hicho. Mwanafunzi aliyejifunza ngeli ya ki-/vi- juma lililopita atachagua “hiki”, na ana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa “kiti hiki” na “kisu hiki” ni sahihi. Mfumo ukimwandikia “si sahihi” pekee, atakisia mara ya pili. Ukimwandikia kwamba kijana ana umbo la ki-/vi- lakini ni kiumbe hai, hivyo huchukua upatanisho wa a-/wa- kama mtu, atakuwa amefundishwa kwa sentensi moja, saa ile ile alipokosea. Maelezo hayo huandikwa mara moja wakati wa kutunga swali, na hufaa kwa miaka. Kutunga chaguo potofu zuri kunahitaji mtu anayejua hasa wanafunzi hukosea wapi. Chaguo ambalo hakuna anayelichagua halina kazi.

Kisha mhadhiri hufungua takwimu za jaribio kabla ya kipindi. Iwapo wanafunzi 12 kati ya 20 wamechagua “hiki”, kipindi kinaanzia hapo, kwa tamko la wazi kwamba majibu ya jana ndiyo yaliyopanga somo la leo. Dakika hizo chache huongeza ushiriki kuliko pambo lolote la kiteknolojia.

Kuhusu uzito, yanayofaa ni maswali matano hadi manane, yanayoweza kujibiwa hata kwa simu, na majaribio yote ya muhula yasizidi asilimia 15 ya alama za kozi. Ruhusa ya kurudia mara mbili, na kufutwa kwa majaribio mawili yenye alama za chini kabisa, humpunguzia mwanafunzi hofu pasipo kumpunguzia kazi. Muda wa kufunga uandikwe kwa namna isiyo na utata. “Saa 6 usiku Jumatano” huzua ugomvi kila muhula, kwa kuwa haijulikani ni usiku wa kuamkia Jumatano au Alhamisi. Bora saa 5:59 usiku, ambayo mfumo huionyesha kama 11:59 PM. Mwanafunzi aliyekwenda likizo Mombasa mwezi Desemba yuko mbele kwa saa nane, na mwenye zamu ya usiku hospitalini hawezi kubanwa kwenye dirisha la saa moja. Siku mbili za kujibu zinatosha.

Upande wa haki hauna nafasi ya kubahatisha. Desemba 2020 shirika la kutetea faragha la EPIC, lenye makao Washington, lilipeleka malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa D.C. dhidi ya kampuni tano za usimamizi wa mitihani kwa kamera, likipinga wingi wa taarifa binafsi zinazokusanywa. Agosti 2022 jaji wa shirikisho jimboni Ohio aliamua kwamba chuo cha umma kilichomtaka mwanafunzi azungushe kamera chumbani mwake kabla ya mtihani kilivunja kinga yake ya kikatiba dhidi ya upekuzi. Jaribio la alama chache halistahili kamera ya aina yoyote. Mwanafunzi anayepekuliwa kitandani mwake kwa ajili ya maswali matano hujibu kwa woga, na woga na udadisi havikai pamoja.

Mwanafunzi mwenye ulemavu analindwa na sheria za shirikisho za 1973 na 1990 zinazokataza ubaguzi. Dakika za ziada zilizoidhinishwa huwekwa kwenye mfumo kwa jina lake peke yake, kabla jaribio halijafunguliwa, bila wenzake kujua. Video iliyo ndani ya swali iwe na maandishi ya maneno yanayosemwa. Katika jiji lenye Gallaudet, chuo kinachohudumia viziwi tangu 1864, kusahau jambo hilo hakuna udhuru.

Alama ni siri ya mwanafunzi kwa mujibu wa sheria ya FERPA ya 1974, na haki hiyo huwa yake mwenyewe mara anapojiunga na chuo. Mzazi aliyezoea kukabidhiwa ripoti shuleni anaweza kupiga simu kuulizia matokeo ya mwanawe. Ajibiwe kwa heshima na kuelekezwa ofisi ya msajili, bila kutajiwa alama hata moja.

Kuhusu akili unde, programu za kugundua maandishi ya mashine zisiwe ushahidi wa pekee. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu hizo zilizihukumu kimakosa zaidi ya nusu ya insha za TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mwanafunzi kutoka Bukoba au Bukavu anaweza kuingia katika kosa hilo kwa urahisi. Mwenye shaka naye amwite, amwombe aeleze jibu lake kwa mdomo.

Mwisho wa muhula, maswali yapitiwe moja moja. Lililokosewa na wanafunzi bora na kujibiwa kwa usahihi na wanaosuasua kwa kawaida lina kasoro, na mara nyingi kasoro iko kwenye jibu lililowekwa na mhadhiri mwenyewe. Kosa hilo likibainika, alama hurekebishwa kwa wote, wakiwemo wale ambao hawakulalamika, na tangazo hutolewa likieleza swali lipi, kosa gani, na nani aliyelifanya.