Dawa ya Wadudu Iliyolala Ghalani



Mwenzetu ameuliza: malathioni yamwua mdudu, mbona mpiga dawa hafi?

Katika neva za mdudu, kama katika zetu, mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuizima kila amri ikishafika, ili msuli upumzike. Malathioni ikiingia mwilini mwa mdudu hugeuka sumu kali zaidi na kukifunga kimeng'enya hicho. Amri hazizimiki, naye hutetemeka hata afe. Sisi tuna kimeng'enya kingine, hasa katika ini, kinachoivunja malathioni upesi. Hiyo ndiyo ngao yetu, wala si ya chuma.

Maana dawa hii ikikaa sana penye joto huzaa isomalathioni, ambayo huiharibu ngao hiyohiyo. Huko Pakistani mwaka 1976, katika kupiga vita malaria, wapiga dawa wapatao 2,800 kati ya 7,500 walidhurika, na 5 wakafa.

Basi usiiweke dawa katika banda la bati linalopigwa na jua, wala usinunue iliyopitwa na tarehe kwa kupenda rahisi. Mpiga dawa akitokwa na jasho na mate mengi, na mboni zikawa ndogo, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aonyeshwe chupa yenyewe.