Kiti cha Pili: Tafakari kwa Kijana Anayepanga Ugenini



Rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Mgeta huku milima ya Uluguru, yuko Köln, Ujerumani, kimasomo. Siku alipopata chumba alinitumia picha: kuta nne nyeupe na sakafu. “Frateri, geto langu hilo.” Nikadhani ujenzi haujaisha. Kumbe huko nyumba nyingi hupangishwa tupu. Mara nyingine hata jiko hamna, na darini unaning’inia waya tu. Taa utanunua mwenyewe. Mwenye nyumba anaweza kudai amana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Sisi tunaolalamikia kodi ya miezi sita Kihonda, tutulie kidogo.

Miezi minne baadaye tukaongea kwa video. Godoro bado liko chini, nguo ziko kwenye begi. Nikauliza, shida ni pesa? “Pesa kidogo ipo. Ila niko hapa kwa muda tu, nihangaike na vitu vya nini?”

Jibu hilo lilinisumbua, maana linafanana na la kiroho. Si Maandiko yanasema hapa duniani hatuna mji wa kudumu (Ebr 13:14)?

Lakini soma Yeremia 28 na 29. Waisraeli wako uhamishoni Babeli. Huko Yerusalemu, nabii wa uongo Hanania anatangaza kuwa ndani ya miaka 2 mambo yatakuwa yamekwisha. Yeremia anawaandikia walio uhamishoni kuwa ni miaka 70; basi wajenge, wakae, wapande bustani, na wauombee amani mji ule wa ugenini. Mungu hakusubiri warudi Yerusalemu ndipo awe nao.

Mtume Paulo naye alikuwa mpangaji. Huko Roma, akiwa mfungwa anayesubiri kesi, alikaa miaka 2 katika nyumba ya kupanga, akiwapokea wote waliomjia (Mdo 28:30). Alikuwa na minyororo, lakini mlango wake ulikuwa wazi.

Kiswahili chetu kina neno tamu: *kupanga*. Unapanga chumba kwa kulipa kodi, kisha unakipanga kwa kuweka vitu. Rafiki yangu alifanya la kwanza, la pili akaliacha.

Kisha jirani yake, bibi mzee, akagonga mlango. Alileta mkate na chumvi, desturi ya zamani ya Wajerumani ya kumkaribisha mtu kwenye nyumba mpya. Akaingia, akaangaza macho, hakuna pa kukaa. Wakaongea wamesimama, dakika tatu hivi, bibi akaaga. “Frateri,” aliniambia, “kwetu mgeni anapewa kigoda kabla hata ya salamu kuisha. Niliona aibu.”

Alidhani sakafu tupu ni unyenyekevu. Kumbe ilikuwa namna ya kusema: hapa sitaki kumjua mtu.

Je, basi tununue kila kitu? Hapana. Mt. Augustino alitofautisha kukitumia kitu na kukifanya kikomo cha furaha yako. Kuna kijana mwingine anakopa ili geto lipendeze kwenye picha, na mama nyumbani hajapigiwa simu mwezi mzima. Huyo naye kapotea, kwa njia ya upande wa pili.

Kipimo kizuri kiko 2 Waf 4:10. Mwanamke wa Shunemu alimwandalia nabii Elisha chumba chenye vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Ni pa kulala, pa kula na kusoma, pa kukaa, na mwanga. Mimi naongeza kimoja tu: kiti cha pili.

Wiki iliyopita nimepata picha nyingine. Meza na viti viwili, vyote vilivyotumika, ambavyo watu waliviweka nje kando ya barabara ili vichukuliwe. Ukutani rozari ya mama yake. Bibi bado hajarudi. Rafiki yangu anasema Jumapili baada ya Misa ataenda kumgongea mwenyewe.

Jiulize wiki hii
1. Ni wapi ninaishi “kwa muda tu” ili nisimpende mtu: chuoni, kazini, mtaani?
2. Chumbani kwangu, mgeni atakaa wapi?

Tusali: Ee Bwana, uliyezaliwa safarini, ukae nasi katika vyumba vya kupanga. Utufundishe kutosheka na vichache, na kumpa nafasi anayebisha hodi. Amina.