Mabano ya Civitavecchia

Katika zoezi la tafsiri nilipewa ratiba ya Kifaransa ya meli ya utalii inayozunguka Mediterania. Siku moja iliandikwa: «Rome (Civitavecchia), 7h00–19h00». Nikaandika: «Roma, saa moja hadi saa moja». Nikajiona nimemaliza.

Mwalimu akaniuliza: «Msafiri wako atashuka wapi?» Nikajibu: «Roma, Mwalimu.» Akafungua ramani. Meli haifiki Roma. Bandari ni Civitavecchia, na toka hapo hadi Roma ni kilomita 70 hivi. Neno nililolifuta ndilo lililobeba siku nzima.

Akanitaka nihesabu saa kuanzia mwisho. Meli inaondoka saa moja jioni, lakini abiria hutakiwa wawe wamerudi mapema zaidi. Treni huchukua saa moja hivi kwenda, na vilevile kurudi; tena kuna mwendo wa kutoka melini hadi kituo cha treni. Zile saa 12 zinabaki saba hivi. Basi afadhali msafiri achague sehemu moja: ashuke kituo cha San Pietro, karibu na Vatikani, aone Kanisa la Mtakatifu Petro, kisha avuke mto Tiber kwa miguu. Akitaka mji mzima, hataona kitu.

Na «saa moja hadi saa moja» haitoshi: tuandike asubuhi na jioni.

Ndugu wanafunzi, tusifute mabano kabla ya kujua yanabeba nini. Tafsiri yangu ingemwacha mtu bandarini, akitazama meli yake ikienda.