SOMO LA FIZIKIA: Kuongoza moto wa sakafu

Ndugu wanafunzi, tulikwisha kujifunza kama joto linapita kwa njia tatu: kwa kugusana, kwa mwendo wa hewa ao wa maji, na kwa miali, kama vile moto wa makaa unavyotupasha uso tukikaa mbali kidogo. Leo tuone miali ikifanya kazi ndani ya nyumba.

Kule Ujerumani, wakati wa baridi kali, nyumba nyingi ziko na tiyo ndani ya simiti ya sakafu. Maji ya moto inapita mle, na sakafu nzima inatoa joto. Sasa mwenye nyumba ya zamani, yenye radiateri za chuma ukutani, anajenga chumba cha nyongeza chenye sakafu ya namna hii. Ataongoza moto wake namna gani?

Kwanza, apunguze moto wa maji. Maji ya radiateri za zamani mara nyingi inafika digrii 60 ao 70, lakini sakafu inaomba 35 mpaka 45 tu. Kwa hiyo fundi anaweka valvu inayochanganya maji ya moto na yale yanayorudi yakiwa yamepoa. Pale watu wanapokaa, kanuni ya Ulaya inakataza uso wa sakafu kupita digrii 29. Ukipita, miguu inachoka na mbao za sakafu zinaweza kupasuka.

Pili, chumba kipya kiwe na termostati yake. Kama iko moja tu katika nyumba ya zamani, ile ikisema «yatosha», wa chumba kipya watatetemeka.

Tatu, tusiwe na haraka. Simiti nzito inakawia masaa mengi kupata moto na kupoa. Ndiyo sababu wanaweka kipimo nje: baridi ikianza kuzidi kule, moto wa maji unaongezwa mbele chumba hakijapoa.

Tupime. Sakafu ya digrii 29 na hewa ya 20 inatoa karibu 100 W kwa kila m². Chumba cha 20 m² kinapata 2000 W. Kikipoteza 2600 W, tusizidishe moto wa maji. Tuzibe nyufa na kuongeza radiateri ndogo.

Zoezi: Jua likiingia na hewa ikifika digrii 24, sakafu ikibaki 29, joto linalotoka litaongezeka ao litapungua? Eleza sababu.