Dari ya gari iliyolegea: tayarisha ubao kwanza

Kitambaa cha dari ya gari kikianza kuning'inia, wengi hulaumu gundi. Mara nyingi tatizo ni sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa, ambayo joto la miaka mingi huigeuza unga. Ukipaka gundi mpya juu ya unga huo umetupa pesa: gundi itashika unga, si ubao, na kitambaa kitaanguka tena.

Fundi makini huutoa ubao nje ya gari, hubandua kitambaa, kisha husugua sponji kwa brashi ngumu, bila maji. Ubao huu kwa kawaida ni wa nyuzi zilizoshindiliwa, ukilowa hupinda. Msasa namba 120 hivi hufuata, kwa mkono mwepesi, hasa kingoni na kwenye matundu ya taa, ambako ubao huvunjika upesi. Kiganja kikipita bila kuokota unga, ubao uko tayari kwa gundi.

Barakoa na miwani ndivyo vinavyopuuzwa zaidi katika karakana za jua kali. Vumbi hilo huingia kifuani, na baadhi ya mbao hizi zina nyuzi za kioo. Kazi hii ifanyiwe nje, watoto wakiwa mbali.